Wapangaji wa Namba Nne

Kuna msomaji ameniandikia kwamba mimi nina gundu, nitafute mtu wa kuniombea. Ndugu yangu, asante. Lakini wewe ulisoma mpaka pale paa lilipovuja tu. Sikiliza ya leo kwanza, ndipo uniambie kama niombewe na mtu mmoja au na kundi zima.

Kwa aliyechelewa: nafanya kazi katika kampuni inayonunua ardhi, inajenga maghala na viwanda, halafu inapangisha. Miaka minne nilikaa makao makuu, ofisi ya zulia. Nikaandika ripoti ya kweli kuhusu paa bovu, kumbe aliyelijenga ni rafiki wa mkubwa. Nikahamishiwa uwanjani kutunza funguo. Maghala kumi na manane, funguo mia na ushee. Sina mtoto hata mmoja, lakini uwanja mzima unaniita Mama Funguo.

Na wiki jana niliwasimulia nilivyopewa onyo kwa sababu ya dada yangu. Dada wa tumbo moja. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka sita, yeye kumi na tisa. Aliacha chuo akanilea. Sasa ana karakana ya magodoro kwenye ghala namba nne, nusu ya kwanza. Siku hiyo niliruhusu lori lake lipakie kwenye mlango wenye kivuli wakati zamu haikuwa yake. Dakika ishirini tu. Nikaambiwa naendesha kazi ya watu kiukoo, na nikirudia, barua itakayofuata ni ya kwaheri.

Kwa hiyo nilikuwa nimekalia kuti kavu. Mnaponihukumu, mkumbuke na hilo.

Jumatatu saa mbili asubuhi ukaingia ujumbe kwenye simu yangu. Mkurugenzi, akiwa safarini:

"Wapangaji wa namba nne wote watoke kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi. Nakuja na wageni. Sitaki kumkuta hata mmoja. Wakibisha usinipigie. Malizana nao."

Niliusoma mara sita. Namba nne ina mpangaji mmoja tu. Nusu ya pili ni stoo ya kampuni yenyewe.

Nikaenda kwa meneja wa uwanja. Huyu tunamwita Bwana Ramani, kwa sababu hata msalani anaingia na michoro kwapani.

"Hebu ona hii," nikamwambia.

Akasoma. Akapandisha miwani, akasoma tena.

"Sasa shida iko wapi? Si maagizo haya?"

"Ni maagizo. Lakini namba nne ni dada yangu."

"Ahaa." Akanitazama muda mrefu kidogo. "Onyo lako lina siku ngapi?"

"Tano."

"Na wewe unataka kuanza kumtetea tena?"

"Nataka nimpigie mzee nimuulize tu."

"Kasema usimpigie."

"Mkataba wa dada una miaka miwili mbele!"

"Mimi ni mtu wa majengo, mikataba siijui." Akakunja mchoro wake. "Maagizo ni maagizo, Mama Funguo."

Nikarudi ofisini kwangu, nikajifungia. Nikaandika barua mwenyewe, nikaitia sahihi mwenyewe, nikagonga mhuri wa kampuni. Mhuri ule nilikabidhiwa kwa ajili ya stakabadhi za funguo, si kwa barua za kutoa watu. Barua ya kumwondoa mtu husainiwa na mkurugenzi, na mtu hupewa siku tisini. Mimi nilimpa dada yangu siku nne.

Na kuna jambo nalikiri hapa, maana hata mume wangu sijamwambia. Fomu ya kumtoa mpangaji sikuwa nayo. Kwenye droo kulikuwa na fomu ya makabidhiano tu, ile anayosaini mtu anayeondoka kwa kupenda kwake. Imeandikwa: "Mimi mpangaji narejesha eneo kwa hiari yangu." Nililiona neno hilo. Nikajiambia fomu ni fomu.

Dada nilimkuta akipima kitambaa.

"Karibu, mdogo wangu. Pita huku, usinikanyagie sponji. Umekula?"

"Dada, nina barua yako."

"Barua ya nini tena? Kama ni ya lile lori, waambie nimeshaomba radhi."

Akaisoma amesimama. Cherehani zilikuwa zinalia, kisha moja ikanyamaza, na nyingine, mpaka zote zikanyamaza. Ana wafanyakazi kumi na wanane na wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Nani kaandika hii?"

"Kampuni."

"Kampuni ina mkono? Sahihi hii naijua. Kuandika jina lako nilikufundisha mimi."

"Ni kazi, dada. Maagizo yametoka juu."

"Juu wapi?" Akanyanyua uso. "Mimi juu naona mabati tu."

Kuna mtu alicheka kwa nyuma. Mimi nilitamani sakafu ipasuke.

"Nina mkataba," dada akasema. "Nina mashine nimezifunga kwa nati kwenye zege. Siondoki. Waje na mahakama yao."

"Ukibisha watasema nimekulinda. Watanifukuza."

Hilo nililisema mimi, kwa mdomo wangu huu. Nilijua litamkata maini, ndiyo maana nikalisema.

 Akaning'iniza futi yake shingoni, akafuta mikono kwenye khanga.

"Lete kalamu."

Akaisaini ile fomu bila kusoma. Wala mimi sikumwambia asome.

"Haya, nenda," akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nasikia watu wakisema."

Siku tatu walifungua mashine. Nati nyingine zilikataa, fundi akazikata kwa msumeno wa umeme, cheche zinaruka mpaka mlangoni. Mashine ya kukatia sponji ilitolewa na watu kumi na wawili. Alhamisi ikanyesha mvua mchana kutwa. Dada alikuwa amepata kiwanja cha wazi nyuma ya kituo cha mafuta, na turubai moja. Nilisimama dirishani nikiona malori yanatoka getini na sponji juu, zinavyolowa. Sponji ikilowa inazidi uzito wa mtu mzima, na ikichafuka hakuna anayeilalia.

Nilimpigia simu mara nne. Hakupokea.

Ijumaa saa nne kamili mkurugenzi akaingia na wageni wawili wenye suti. Nilikuwa mlangoni mwa namba nne na rundo langu la funguo, nimevaa gauni langu zuri. Nilitegemea angalau neno la asante.

Akapitiliza moja kwa moja nusu ya pili, ile stoo ya kampuni. Ndani watu kama thelathini walikuwa wanapanga maboksi ya sabuni kwenye chaga, wanaimba, vumbi linapaa.

"Mama Funguo!"

"Abee, mzee."

"Si nilisema hawa watoke?"

"Hawa?"

"Hawa!"

"Mzee, hawa ni vibarua."

"Vibarua wa kufanya nini?"

"Wa kupanga mizigo."

"Na mtu anayepanga anaitwaje?"

Nikawatazama wale watu na maboksi yao.

"Anaitwaje?" akarudia.

"Mpangaji," nikasema.

"Haya! Mimi nilikuwa mpangaji humu humu miaka tisa. Maboksi kichwani. Ninyi wa zulia ndio mnaita watu vibarua. Nilitaka watoke, sakafu ipigwe rangi, wageni wangu wasimeze vumbi. Ni jambo gumu hilo?"

Makao makuu, wasomaji wangu, mpangaji ni mwenye mkataba. Miaka minne sikuwahi kulisikia neno hilo kwa maana nyingine. Na uwanjani nina mwezi mmoja, najulikana kwa funguo, sina wa kupiga naye soga. Neno moja, nami nilichagua maana iliyokuwa na dada yangu ndani yake.

"Sasa wewe," mkurugenzi akauliza taratibu, "ulimtoa nani?"

Bwana Ramani akakohoa, akaanza kukagua dari.

 Mkurugenzi akatoka, akazunguka, akafungua mlango wa nusu ya kwanza. Kweupe. Vipande vya nati vimebaki kwenye zege na nyuzi nyekundu zimezagaa sakafuni. Akatembea kutoka ukuta hadi ukuta akihesabu hatua. Mimi nyuma yake roho juu, nasubiri kufukuzwa mbele ya wageni.

"Ametoka?"

"Ametoka, mzee. Ni makosa yangu. Leo hii namrudisha, hata kama ni kwa mgongo wangu."

"Amesaini chochote?"

Nikampa fomu. Akaisoma, akafika pale pale nilipopajua, akaweka kidole.

"Kwa hiari yangu," akasoma kwa sauti. Kisha akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Mama Funguo! Mwanasheria wangu amemfuata huyu mama mwaka mzima. Mwaka mzima! Wageni wangu wanaitaka namba nne yote, tubomoe ukuta wa katikati. Mama kagoma, kaning'ang'ania na mkataba wake. Wewe umemmaliza kwa siku nne?"

"Mzee, ni makosa. Sikuelewa neno."

"Makosa gani? Sahihi hii si yake?"

"Ni yake."

"Basi. Makosa mengine ni ya heri." Akawageukia wageni. "Huyu mwezi ujao anarudi makao makuu. Afisa Mkuu wa Wapangaji."

Mgeni mmoja akanipigia makofi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana niliahidi kutoficha. Aliposema makao makuu, moyo wangu ulifurahi. Kidogo tu, lakini ulifurahi. Nililiona zulia. Halafu nikaziona zile nyuzi nyekundu sakafuni, nikajichukia.

Wageni walipoondoka nikamfuata Bwana Ramani.

"Wewe ulijua."

"Nilijua nini?"

"Una miaka kumi na moja uwanjani. Ulijua mzee anasema wapangaji gani!"

"Mama Funguo, tuwe wakweli. Hukuniuliza maana. Uliniuliza kama ni maagizo."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ukuta ukibomolewa, nani atasimamia ujenzi?" Akapapasa michoro yake. "Kila mtu anajikuna anapofikia."

Funguo mia na ushee zina uzito. Mungu alininusuru nisimpige nazo.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwenye kile kiwanja. Sponji zilikuwa zimeanikwa juu ya kokoto, mashine zimefunikwa turubai, na dada amekaa juu ya robota la kitambaa akichambua nati zilizopona na zilizokatwa. Wafanyakazi walikuwa wamebaki sita.

Hakuniambia karibu.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Ujumbe, neno, vibarua, Bwana Ramani, ukuta. Alisikiliza bila kuniangalia.

"Kwa hiyo," akasema nilipomaliza, "nimefukuzwa na neno."

"Dada, nisamehe."

"Watu wanafukuzwa na wanajeshi, wanafukuzwa na mafuriko. Mimi nimefukuzwa na kamusi." Akatupa nati moja kwenye kopo. "Na wewe hukuona ajabu? Hukusema, hebu nimuulize dada, labda ana ugomvi na hawa watu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba wataniambia nakupendelea."

"Bora ungenipendelea."

Nikapiga magoti pale pale kwenye kokoto.

"Dada, barua niliandika mimi. Mhuri niligonga mimi, bila ruhusa ya mtu. Jumatatu saa tatu tunaitwa kwa mwanasheria wa kampuni, wewe na mimi, kuthibitisha ile fomu. Nikisema ukweli, barua ni batili, na fomu uliyosaini kwa sababu ya barua nayo inaanguka. Unarudi namba nne."

"Na wewe?"

"Nafukuzwa. Na wakitaka kunikomoa wananipeleka polisi kwa ajili ya mhuri."

Kwa mara ya kwanza akanitazama.

"Utasema?"

"Nitasema. Naapa kwa kaburi la mama."

"Mama mwache apumzike. Wewe sema tu."

Ile barua alikuwa nayo kwenye mkoba. Alinionyesha, kisha akaurudisha mkoba begani.

Jumatatu. Ghorofa ya tatu, zulia lile lile. Mkurugenzi upande mmoja, mwanasheria katikati. Mwanasheria wetu ni mama mpole anayeongea kwa sauti ya chini mpaka unalazimika kumwinamia. Dada alikuja na gauni la kitenge alilovaa kwenye mahafali yangu. Akakaa, akapakata mkoba, mikono juu yake.

"Hili ni jambo fupi," mwanasheria akasema. "Fomu inasema mama ameondoka kwa hiari. Nataka tu nijiridhishe." Akanigeukia. "Afisa, kuna barua yoyote uliyompelekea huyu mama kumtaka aondoke?"

Swali lilikuwa jepesi. Jibu lake ni neno moja, ndiyo. Nililifanyia mazoezi usiku na mchana, mbele ya kioo, mpaka mume wangu akauliza nakubali nini.

Nikafungua mdomo. Nikamwona mkurugenzi ananitazama, anatabasamu. Nikawaona polisi. Nikamwona mume wangu ambaye kazi yake iliisha mwezi wa pili. Nikafunga mdomo.

"Afisa?" mwanasheria akasema. "Kuna barua?"

Dada alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananisubiri, kama alivyokuwa akinisubiri nikijifunza kusoma, anashika silabi ya kwanza na kuniachia ya pili.

Nikainamisha kichwa.

"Nauliza mara ya mwisho," mwanasheria akasema, na safari hii alimtazama mkurugenzi pia. "Kama kuna barua, mambo yanabadilika. Kuna barua au hakuna?"

Nikasikia zipu ya mkoba. Dada aliingiza mkono ndani. Niliona ncha ya barua, niliuona mhuri wangu wa bluu. Nikafumba macho nikasema moyoni, itoe, dada, itoe, unisaidie kusema.

Alitoa kitambaa. Akajifuta jasho, akafunga zipu.

"Hakuna barua," akasema. "Niliomba mwenyewe kuondoka. Pamekuwa padogo."

"Una hakika, mama?"

"Nina hakika."

Mkurugenzi akashusha pumzi. Mwanasheria akaandika mistari mitatu, akamsogezea karatasi. Safari hii dada alisoma kila neno, kisha akasaini. Akasimama. Aliponipita akainama sikioni mwangu, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

"Nimekulea tangu una miaka sita," akasema. "Leo nimemaliza."

Akatoka. Mlango ukajifunga wenyewe.

Mwanasheria akageuza karatasi ikanielekea mimi.

"Imebaki sahihi ya shahidi," akasema. "Kwamba umeyasikia, na kwamba ni kweli."

Mkurugenzi akachomoa kalamu yake mfukoni, akaifungua kifuniko, akanipa. Niliishika. Huko nje nilisikia viatu vya dada vikishuka ngazi, kimoja kimoja, hana haraka. Ngazi zile zina ghorofa tatu. Alikuwa bado hajafika chini.